Kisu Kwenye Sinki: Mlezi wa Wazee, Familia ya Mgonjwa, na Swali la Nani Alipe

Mwezi Septemba 2008, katika jiko la nyumba moja huko California, mlezi wa wazee alikuwa amesimama kwenye sinki anaosha vyombo. Bibi aliyekuwa akimhudumia, mwenye umri wa miaka 85 na ugonjwa wa muda mrefu wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu na akili, alikuwa ameketi mezani. Mume wa bibi hakuwepo nyumbani. Mlezi alikuwa na kisu kikubwa mkononi. Bibi akainuka, akaja kwa nyuma, akamgonga, akanyoosha mkono kuelekea kwenye sinki. Mlezi akajaribu kumzuia. Kisu kikamponyoka, kikamkata kwenye kifundo cha mkono. Vidole vyake kadhaa vikapoteza hisia, na maumivu yakawa ya kwenda na kurudi.

Ajali yenyewe huenda haikufika hata dakika moja. Shauri lililotokana nayo lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya California, na tarehe 4 Agosti 2014 majaji 7 wakatoa hukumu kwa kura 5 dhidi ya 2. Inajulikana kama Gregory dhidi ya Cott. Mlezi, ambaye ndiye Gregory, alishindwa. Wanasheria wa huko huitaja wanapojadili iwapo mgonjwa aliyepotewa na akili anaweza kudaiwa kwa alichokifanya. Mimi naisoma kama hukumu ya bima. Ukiifuata mpaka mwisho unakuta imemwachia mlezi wa namna yake mlango mmoja tu wa kupitia anapoumia kazini, nao ni fidia ya wafanyakazi.

Watu wetu wengi wako kwenye kazi hii. Zamani ukisikia fulani yuko Marekani anabeba maboksi, picha iliyokujia ni bohari. Siku hizi boksi lenyewe mara nyingi ni mzee wa kilo 80 anayetakiwa kuinuliwa kitandani, kuogeshwa, kuvalishwa na kuketishwa kwenye kiti cha magurudumu. Wengine huajiriwa na kampuni. Wengine hupewa namba ya simu na dada wa kanisani: kuna familia inatafuta mtu wa kulala hukohuko, wanalipa taslimu, unaanza Jumatatu. Umeingia kwa njia ipi kati ya hizo mbili? Siku ukiumia, karibu kila kitu kitaamuliwa na jibu la swali hilo.

Mlezi wa kisa hiki aliingia kwa njia ya kwanza. Mume wa bibi alikwenda kwenye kampuni ya huduma za nyumbani, akafunga nayo mkataba, na kampuni ndiyo iliyomtuma mlezi. Kazi yake ilikuwa kumwangalia bibi, kumwogesha, kumvalisha, kumpeleka anakotakiwa kwenda, na kufanya kazi kidogo za nyumba. Alikuwa amefundishwa kuhudumia wagonjwa wa Alzheimer na aliwahi kuwahudumia wengine kabla ya huyu. Mume alimwambia waziwazi kwamba mkewe ana ugomvi: anauma, anapiga teke, anakwaruza, anarusha mikono. Shika hilo la onyo, kwa sababu mbele ya safari litamgeukia mlezi mwenyewe.

Basi kisheria mwajiri ni kampuni, na familia ni mteja. Kisu kilipoanguka, haki ya fidia ilikuwa juu ya mwajiri, na mlezi aliipata. Hukumu yenyewe inasema alilipwa fidia ya wafanyakazi.

Fidia hii inafanyaje kazi? California ilianza na sheria ya hiari mwaka 1911, kisha mwaka 1913 ikawa ya lazima. Ni mapatano ya zamani kati ya pande mbili. Mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba ameumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Hata kama kisu kilimponyoka kwa uzembe wake mwenyewe, atatibiwa. Kwa upande wake ameacha kitu kikubwa: hawezi kumburuza mwajiri mahakamani kudai malipo ya maumivu, ya usingizi uliopotea, ya mkono ambao sasa hauwezi kushika hata sindano. Mwajiri analipa bila kubishana juu ya kosa, mfanyakazi anapokea bila kudai zaidi. Aliyezoea mambo ya Tanzania Bara, ambako waajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, atashangaa kidogo. California hakuna mfuko mmoja wa umma unaobeba wote; kwa kawaida mwajiri hununua bima sokoni, na mfanyakazi hujikuta anaongea na karani wa kampuni ya bima ambayo hajawahi kuisikia.

Kwa hesabu za leo, mambo huenda hivi. Mlezi anatakiwa kumjulisha mwajiri ndani ya siku 30. Mwajiri akishajua, ana siku moja ya kazi kumpa fomu ya madai, inayoitwa DWC 1. Fomu ikisharudishwa, matibabu yanatakiwa kuanza hata kabla bima haijaamua, hadi kufikia dola 10,000, na bima isipolikataa dai ndani ya siku 90 sheria inachukulia kwamba jeraha ni la kazini. Hili la siku 90 nalipenda. Ni mojawapo ya sehemu chache za sheria ambapo ukimya wa mwenye nguvu unamnufaisha mnyonge. Lakini saa haianzi kuhesabu mpaka fomu irudishwe. Aliyemwambia msimamizi kwa mdomo tu, akaambiwa "pumzika, tutaangalia", ukimya unamla yeye.

Halafu mshahara. Akiwa hawezi kufanya kazi hulipwa theluthi mbili ya wastani wa kipato chake cha wiki. Tuseme anapata dola 600 kwa wiki: atapokea 400. Siku 3 za mwanzo hazilipwi, isipokuwa amelazwa hospitali au amekaa nje ya kazi zaidi ya siku 14. Malipo hayo yana kikomo cha wiki 104 kwa majeraha mengi. Kilema kikibaki baada ya hapo, daktari hukipima na kipimo hugeuzwa kuwa asilimia. Hapa ndipo walezi wengi huvunjika moyo. Kwa ajali za tangu mwaka 2014, kiwango cha juu cha malipo ya kilema cha sehemu ni dola 290 kwa wiki, na kilema cha asilimia 10 kina wiki 30 na robo. Piga hesabu: dola 8,772 na senti 50. Hayo ndiyo malipo ya vidole visivyohisi kitu, kama vimepimwa asilimia 10, kwa mtu ambaye kazi yake nzima inategemea kushika. Asiporudishwa kazini anaweza pia kupata hati ya dola 6,000 ya kujifunza kazi nyingine. Maumivu hayana safu kwenye jedwali.

Ukiona hesabu hiyo unaelewa kwa nini mlezi huyu alipiga hodi kwenye mlango wa pili. Mapatano ya fidia yanamlinda mwajiri na, kwa kawaida, wafanyakazi wenzako tu. Kama aliyekuumiza ni mtu mwingine, dereva aliyekugonga ukiwa njiani kwenda kwa mgonjwa wa pili, au aliyetengeneza mashine ya kuinulia wagonjwa ikakatika, unaweza kuchukua fidia na bado ukamshtaki huyo, ingawa bima itataka irudishiwe ilichotoa. Familia ya mgonjwa haikuwa mwajiri. Kwa hiyo mlezi aliwashtaki bibi na mumewe kwa uzembe, na bibi peke yake kwa shambulio. Mtu asimwone mkatili. Nyumba nyingi zina bima ya dhima, yaani ya kulipa mwenye nyumba anapodaiwa na aliyeumia, na mara nyingi mlipaji halisi wa hukumu kama hiyo ni kampuni ya bima ya nyumba.

Mahakama ya mwanzo ililikata shauri bila kulifikisha mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na mahakama ya rufani ikakubaliana nayo. Sababu ilikuwa kanuni moja ambayo historia yake inanichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Januari 1987, wakati wa mapumziko ya mechi ya fainali ya Super Bowl, marafiki kadhaa walitoka nje kucheza mpira wa Kimarekani wa kugusana. Mwanamke mmoja akakanyagwa mkono, kidole chake kidogo hatimaye kikakatwa. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya Knight dhidi ya Jewett, ilisema anayeingia kwenye mchezo hana madai juu ya hatari ambazo ni sehemu ya mchezo wenyewe. Wenzake hawana wajibu wa kumkinga nazo. Kwenye mpira inaeleweka. Kazini nako kanuni ya namna hiyo ilikuwepo, hata kabla ya hukumu hiyo. Mzima moto hawezi kumdai aliyesababisha moto kwa uzembe. Mganga wa mifugo hawezi kumdai mwenye mbwa aliyemng'ata wakati wa matibabu. Na mwaka 1996, katika kesi ya Herrle, mahakama ya rufani ilisema msaidizi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, aliyepigwa taya na mgonjwa wa Alzheimer, hana dai dhidi ya mgonjwa huyo. Mgonjwa amepelekwa pale kwa sababu ya hali hiyohiyo, na msaidizi ameajiriwa kwa sababu ya hali hiyohiyo.

Swali la 2014 lilikuwa iwapo kanuni hiyo ya taasisi inaweza kubebwa na kuingizwa nyumbani kwa mtu. Jaji Carol Corrigan, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alisema inaweza. Hoja zake tatu zinafaa kusomwa kwa utulivu hata na asiyekubaliana nazo. Ya kwanza ni kwamba ukali na kurusha mikono ni dalili za kawaida za Alzheimer iliyokomaa, na kumdhibiti mgonjwa asijidhuru ndiyo kazi yenyewe aliyoajiriwa mlezi. Haikuwa ajali ya pembeni. Ya pili ni kwamba familia ilikwenda kununua huduma ya watu waliofundishwa. Kumwambia aliyenunua huduma kwamba atadaiwa kwa hatari ileile aliyomwita mtaalamu aje kuikabili ni kumgeuzia kibao. Ya tatu ni ya sera. Wagonjwa walio kwenye taasisi walishakingwa na kesi za namna hii. Wale wa nyumbani wasipokingwa, familia itaona ni salama zaidi kumpeleka mzee taasisi kuliko kumwacha alale kwenye kitanda chake. Nyuma ya zote tatu inasimama fidia: mlezi wa kampuni hatupwi jalalani, ana bima ya mwajiri wake.

Nitasema ninavyoona. Kuhusu bibi, nakubali. Sheria ya California, kifungu cha 41 cha sheria zake za madai, inasema mtu asiye na akili timamu anadaiwa kwa madhara anayosababisha, na majaji walilazimika kukizunguka kifungu hicho wakisema suala hapa ni wajibu gani anao kwa mtu huyu mahususi. Mwanasheria mkali anaweza kulipinga hilo. Lakini kumdai fidia ya shambulio mtu asiyekumbuka jina la mumewe, moyo unakataa. Kwetu mzee aliyefikia hapo tunasema amerudi utotoni, na mtoto hashtakiwi kwa kukung'ata ukimlisha.

Kinachonikereketa ni onyo. Mume alimwonya mlezi. Kwa mtu wa kawaida, kuonywa ni wema. Mahakamani onyo hilo likawa ngao ya familia: ulijua, ukabaki. Ni kama kibao cha "mbwa mkali" getini, isipokuwa kwamba huyu aliyesoma kibao analipwa kuingia ndani kila asubuhi, na asipoingia hali. Walezi wangapi wana uwezo wa kusema "huyu ni mkali, nipeni mwingine" na Jumatatu wakawa bado na kazi? Majaji wawili waliopinga, Laurence Rubin aliyeandika na Kathryn Werdegar aliyemuunga mkono, hawakutaka kanuni hii ihamishiwe nyumbani. Na kweli, nyumba ya mtu si wodi. Kwenye taasisi kuna wenzako chumba cha pili, kengele ukutani, droo za visu zenye kufuli. Jikoni kwa mtu uko wewe, mgonjwa na kisu.

Hata hivyo wengi hawakuufunga mlango wa pili moja kwa moja. Waliacha nafasi za aina tatu, na ni vizuri mlezi azijue kwa sababu ni mambo ya kuandika siku ileile ya ajali, kabla kumbukumbu haijachuja. Moja ni pale familia ilipojua hatari ikanyamaza: mgonjwa aliwahi kumvunja mkono mlezi aliyepita, na wewe ukaambiwa "mama yetu ni mpole tu." Nyingine ni pale familia ilipoongeza hatari kupita ile ya kawaida ya kazi, kwa mfano kumwachia mgonjwa mkali silaha mezani. Ya tatu ni pale jeraha lisipokuwa na uhusiano na ugonjwa. Ngazi ya mbao iliyooza ikikukatikia, Alzheimer haikuikata. Mbwa wa nyumbani akikung'ata, hiyo pia ni habari nyingine.

Halafu kuna mpaka ambao, kwa maoni yangu, ndio mzito kuliko yote. Mahakama ilisema kanuni yake inawahusu walezi wa kitaalamu, waliofundishwa na kuajiriwa na kampuni. Yule wa namba ya simu kutoka kwa dada wa kanisani hayumo. Unaweza kushangilia, kwamba yeye mlango wa pili haujafungwa. Subiri kwanza tuone kama ule wa kwanza ameufungua.

Anayeajiriwa moja kwa moja na familia California ni mfanyakazi halali wa kufidiwa, lakini kwa masharti. Sheria inamwacha nje kama katika siku 90 kabla ya kuumia alifanya kazi chini ya saa 52 kwa mwajiri huyo, au alipata chini ya dola 100. Saa 52 katika siku 90 ni kama saa 4 kwa wiki. Mlezi wa kulala hukohuko anavuka kiwango hicho kwa siku chache. Anayekuja Jumamosi mbili kwa mwezi kumpokea mlezi mkuu anaweza asivuke, na huyo wa Jumamosi ndiye asiyemzoea mgonjwa. Anayeanza leo akaumia siku ya tatu anaweza kuangukia nje pia, maana hesabu inarudi nyuma, haiangalii mbele. Nao wazazi, wenzi wa ndoa na watoto wa mwenye nyumba wanaoajiriwa naye wametengwa kabisa.

Pesa inatoka wapi? Sheria ya bima ya California inataka bima ya mwenye nyumba yenye kipengele cha dhima binafsi iwe pia na fidia kwa wafanyakazi wa nyumbani. Familia nyingi hazijui kwamba zinayo. Mlezi anaambiwa "sisi si kampuni, hatuna bima ya wafanyakazi", na anayesema hivyo hadanganyi kwa kukusudia. Karatasi iko kwenye kabati, haijasomwa tangu nyumba iliponunuliwa. Anayepanga nyumba bila bima yoyote ni tatizo jingine. Mwajiri asiyekuwa na bima inayotakiwa anapoteza kinga ya mapatano, na kifungu cha 3706 cha sheria ya kazi kinamruhusu mfanyakazi kumshtaki kudai hasara zake. Kwenye karatasi ni haki kubwa. Kumshtaki mzee anayeishi kwa pensheni kwenye nyumba ya kupanga ni kukamua jiwe.

Katikati ya kampuni na familia kuna kundi la tatu, na hapo ndipo ninapoona watu wetu wakinaswa zaidi: madalali wa kazi. Ofisi ina jina zuri, ina tovuti, inakuhoji, inakupeleka kwa familia na kuchukua chake. Unadhani umeajiriwa nayo. Sheria ya California inaruhusu ofisi ya namna hiyo, ikitimiza masharti fulani, isihesabiwe mwajiri. Imekuunganisha tu, na mwajiri wako ni familia. Dalili ziko kwenye karatasi. Kampuni inayokuajiri inakukata kodi na mwisho wa mwaka inakupa fomu ya W-2. Asiyejiita mwajiri anakupa 1099, kwamba umejiajiri, au hakupi kitu. Jina la karatasi peke yake halimalizi ubishi. Tangu Januari 2020 sheria inayoitwa AB 5 imeweka kipimo kigumu cha kumwita mtu mkandarasi, yaani aliyejiajiri, na tangu Julai mwaka huo kipimo hicho kinatumika kwenye fidia pia. Hata hivyo ubishi huo unafanyika ukiwa umefungwa bandeji na kodi ya nyumba imefika.

Wapo pia wanaolipwa na serikali kupitia mpango wa IHSS, ambao humlipia mwenye kipato kidogo mtu wa kumhudumia nyumbani, mara nyingi binti yake au ndugu. Hapa mgonjwa ndiye anayechagua mlezi na kumpangia kazi, kwa hiyo ungetarajia fidia ipotelee hewani. Mwaka 1984 mahakama ya rufani ya California iliamua kwamba kwa ajili ya fidia, jimbo ni mwajiri. Binti anayemwinua mama yake akateguka mgongo ana dai la fidia, na hamshtaki mama. Nadhani ni suluhisho zuri kuliko yote katika uwanja huu, na halikuhitaji mechi ya mpira.

Jambo moja la kuwaondolea hofu wengi: California haiulizi karatasi za uhamiaji kwenye fidia. Tafsiri ya mfanyakazi katika sheria inawataja wageni waziwazi na inahesabu ajira halali na isiyo halali kwa pamoja. Anayeambiwa "ukidai tutakuita uhamiaji" anatishwa juu ya haki ambayo tayari ni yake.

Majimbo mengine yana mambo yao, na asiyeangalia anaweza kusoma kisa hiki akajipa matumaini yasiyo yake. Massachusetts, ambako Wakenya wengi wamejaa kwenye kazi hii kuanzia Lowell hadi Worcester, inamwacha nje mfanyakazi wa nyumbani wa chini ya saa 16 kwa wiki, na hulipa asilimia 60 ya mshahara badala ya theluthi mbili. Washington inamwacha nje mtumishi wa nyumba kama mwenye nyumba hana angalau wafanyakazi wawili wa kudumu wa saa 40 kwa wiki. Texas imekwenda mbali zaidi: mwajiri binafsi anaweza kuchagua kutokuwa na bima ya fidia kabisa. Mlezi wa Houston anayedhani kampuni yake lazima inayo anaweza kugundua ukweli akiwa kwenye gari la wagonjwa.

Turudi kwenye hukumu. Mwishoni majaji wa upande wa wengi walifanya jambo ambalo mahakama hufanya inapojua imeacha mtu mlangoni: walilitupia bunge la jimbo. Walisema mahitaji ya mafunzo kwa walezi, na bima bora zaidi kwa wale walio kwenye hatari ya kuumizwa, ni mambo yanayostahili kuchunguzwa na watunga sheria. Kuhusu mafunzo, bunge lilikuwa limeshaanza. Sheria iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2016 inazitaka kampuni za huduma za nyumbani ziwe na leseni, ziwe na bima ya fidia kwa walezi wake, na kila mlezi apate saa 5 za mafunzo kabla ya kuanza kazi na 5 nyingine kila mwaka. Saa 5. Mwenye kuwahi kumzuia mgonjwa aliyeshika kitu chenye ncha kali, huku anahofia asimvunje mifupa, ajihesabie mwenyewe zinatosha nini.

Kuhusu bima bora zaidi, viwango ni vilevile vya wafanyakazi wengine wote: theluthi mbili, wiki 104, dola 290. Na yule aliyeajiriwa moja kwa moja na familia, sheria hiyo iliyoanza 2016 inamruhusu kujiandikisha kwenye daftari la jimbo akipenda. Saa 5 za mafunzo hazimlazimu, wala sharti la bima ya kampuni halimgusi. Hukumu ya 2014 nayo ilisema wazi kwamba haimzungumzii yeye.